Anyesi Alivyokataa Kutia Sahihi

Kwa muda mrefu watu wa Chiwelu walimweka Anyesi katika kundi la wanyamavu. Mumewe Obedi alipofariki, miaka kumi iliyopita, shemeji yake Mazengo alikuja siku ya kuanua matanga akasema ng'ombe wa marehemu ni wa ukoo, kwa hiyo anawachukua akawatunze. Walikuwa wanane. Anyesi alisimama kando ya zizi la miiba akawatazama wakitoka mmoja mmoja, asiseme neno. Wanawake waliokuwa wakiosha masufuria ya msibani walimsifu kwa heshima yake. Ng'ombe wale hakuwaona tena.

Alibaki na mmoja tu, ambaye hata Mazengo hakuthubutu kumgusa, maana kijiji kizima kilijua alikotoka. Alikuwa mtamba, jike ambaye hajazaa bado, aitwaye Subira, na Anyesi alimpata katika kikundi cha akina mama wa kanisani, kwa ule mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza unampa mwanamke anayefuata kwenye orodha. Anyesi alimtoa ndama yule akiwa amenona kuliko ndama yeyote wa kikundi. Kuanzia hapo uzao ukawa wake.

Alichunga mwenyewe. Wanawake wa Kigogo wa rika lake hawachungi, lakini baba yake alizaa mabinti watupu, na yeye ndiye aliyefuata mkia wa ng'ombe tangu akiwa na miaka minane. Alimtambua ng'ombe wake kwa kikohozi, kwa namna anavyokanyaga, kwa upande anaopenda kulalia. Kufikia miaka mitatu iliyopita walikuwa wanne. Subira mwenyewe, rangi ya udongo mwekundu, pembe ya kulia imejikunja kuelekea jichoni. Bibi Harusi, mweusi mwenye uso mweupe kama aliyevaa shela. Fadhila, mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Na dume changa la kijivu, Mkorofi, ambalo halikupita karibu na ndoo bila kuipindua. Wote walipigwa chapa ya moto pajani, na Frida, afisa mifugo wa kata, akawaandika kwenye daftari lake kwa jina la Anyesi.

Waliibiwa mchana kweupe, siku ya mazishi ya mzee Raphael. Mzee huyo alifundisha katekisimu miaka arobaini, kwa hiyo Chiwelu nzima ilihamia makaburini, na Anyesi aliwaacha wanyama zizini na majani ya kutosha. Aliporudi saa kumi alasiri, zizi lilikuwa tupu.

Alichokiona kwanza ni ule mlango. Mlango wa zizi lake ulikuwa tawi kubwa la mgunga, lenye miiba mirefu kama sindano za magunia, na kulikuwa na namna moja tu ya kulishika bila kuchomwa. Mwizi wa mbali angelivuta ovyo. Tawi lile lilikuwa limenyanyuliwa vizuri na kuegemezwa pembeni, kama anavyoliegemeza yeye kila asubuhi.

Hakupiga yowe. Alizifuata kwato hadi barabarani, akaona alama za magurudumu ya lori lililogeuza, na udongo uliorundikwa kufanya kilima kidogo cha kupandishia wanyama. Mama muuza maandazi wa njia panda alimwambia lori la bluu lilipita mchana ule likielekea Dodoma mjini. Anyesi akaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, bado amejifunga kanga za msibani.

Mwenyekiti, Castory, alikuwapo. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye mhuri wa kijiji daima mfukoni.

"Mama Hilda, pole sana," alisema. "Lakini tusiseme wameibiwa. Ng'ombe hupotea. Mpe Mungu siku tatu."

"Mwenyekiti, ng'ombe wangu wamepanda lori. Mungu hana lori la bluu."

Kabla Castory hajajibu, Mazengo aliingia. Hakuuliza kilichotokea. Alisema tu, "Shemeji, nenda nyumbani upumzike. Ng'ombe ni wa nyumba ya kaka yangu. Wa kwenda kuripoti ni mimi. Mwanamke akizunguka vituo vya polisi ni aibu kwa ukoo."

Anyesi alimtazama. Aliwakumbuka wale wanane. Safari hii akaamua hatanyamaza.

"Ukoo ushike aibu yake," alisema. "Mimi nashika njia."

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi kilichopo kando ya barabara kuu. Zamu ilikuwa ya koplo kijana, Filipo, ambaye alimwamkia vizuri, "Shikamoo, mama," akafungua kitabu kikubwa. Mambo yakaanza kuharibika kwenye swali la pili.

"Mwenye ng'ombe yuko wapi?"

"Ndiye anayezungumza na wewe."

"Namaanisha baba."

"Baba yuko kaburini mwaka wa saba. Na ng'ombe hawa hakuwahi kuwaona hata mmoja, isipokuwa mama yao akiwa mtamba."

Filipo alikuna kichwa, akaandika kwa muda, kisha akakigeuza kile kitabu na kumpa kalamu. "Tia sahihi hapo chini, mama. Kama hujui kuandika, weka dole gumba."

Anyesi alivuta kitabu karibu. Aliishia darasa la saba, lakini alilimaliza vizuri. Alisoma taratibu, kwa sauti, mbele ya watu wengine watatu waliokuwa benchini: "Taarifa ya kupotea kwa ng'ombe wanne, mali ya familia ya marehemu Obedi."

Akaiweka kalamu juu ya meza.

"Hapa sitii sahihi."

"Kwa nini tena?"

"Kuna makosa mawili. Hawakupotea, wameibiwa. Na si mali ya familia ya marehemu. Ni mali ya Anyesi."

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, afande. Nakusomea ulichoandika. Ukiandika wamepotea, hakuna atakayewatafuta, mtasubiri warudi wenyewe. Ukiandika ni wa familia, kesho atakuja mwanafamilia yeyote na kusema kesi imekwisha. Andika upya."

Koplo alisema hawezi kukata maneno kwenye kitabu cha serikali. Akasema pia kwamba bila barua ya mwenyekiti wa kijiji hakuna uthibitisho wowote. Anyesi akajibu kwamba basi atasubiri, akarudi benchini. Watu wakaja, wakahudumiwa, wakaondoka. Aliyeibiwa simu alihudumiwa. Aliyegombana na mwenye nyumba alihudumiwa. Saa sita mchana Filipo alimwambia aende akale, akajibu hana njaa. Saa nane alimwambia mkuu wa kituo hayupo, akajibu hakuja kumwona mkuu wa kituo.

Katikati ya kusubiri alimpigia simu Frida. Afisa mifugo yule alikuwa akichanja mbuzi kijiji cha jirani. Alikuja na pikipiki yake, buti zimejaa vumbi, daftari limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Alilifungua juu ya meza ya koplo bila kukaa.

"Namba ya chapa hii hapa. Tarehe. Rangi ya kila mnyama. Jina la mmiliki. Soma mwenyewe."

Filipo alisoma. Kisha, labda kwa kuchoka, labda kwa kuona watu benchini wameanza kumtazama yeye badala ya kumtazama yule mama, akapiga mstari ukurasa mzima na kufungua mwingine. Anyesi akasema, naye akaandika. Wizi wa mifugo. Ng'ombe wanne, mali ya Anyesi. Akamtajia pembe ya Subira, shela ya Bibi Harusi, mimba ya Fadhila, na kovu la waya chini ya shingo ya Mkorofi. Alipomaliza, alisoma yote tangu mwanzo, na hapo tu ndipo alipotia sahihi, herufi kubwa kubwa zilizojaa mstari. Akapewa karatasi yenye namba ya kesi, akaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Angeweza kurudi Chiwelu akasubiri. Alichofanya ni kupanda gari la kwenda mjini, hadi Nkuhungu, anakoishi binti yake Hilda, karani katika ofisi moja ya serikali. Hilda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kulia.

"Mama, wezi wa ng'ombe wanaua watu. Waache tu. Nitakutafutia mwingine."

"Utanitafutia ng'ombe. Na hilo la kuchezewa, utanitafutia dawa yake wapi?"

Asubuhi alitembea hadi Kizota. Huko, nyuma ya gereji na karakana za kuchomelea mageti, kuna wafanyabiashara wanaopumzisha ng'ombe wao kabla ya machinjio. Anyesi alipita zizi moja baada ya jingine, akijitambulisha kwa adabu kwa kila aliyemkuta. Wengine walimruhusu kuchungulia, wengine walimfukuza. Kila aliyemfukuza, Anyesi alimwonyesha ile karatasi ya polisi na kubaki palepale langoni hadi akaruhusiwa. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili, karibu na saa tano, akiwa bado nje ya ukuta wa mabati, alisikia kikohozi cha Subira.

Mwenye zizi aliitwa Bartolomayo, mtu mnene wa makamo, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akila muwa. Alisikiliza, akafuta mikono, akamfungulia. Subira alikuwa amesimama pembeni, na Bibi Harusi nyuma yake. Pajani pa kila mmoja palikuwa na chapa mpya, mbichi, nyama bado nyekundu. Anyesi aliweka kiganja juu ya mgongo wa Subira.

"Hawa ni wangu," alisema.

"Mama, usinitafutie balaa," Bartolomayo alisema, lakini si kwa ukali. "Mimi sinunui vya wizi. Nilinunua kwa barua ya kijiji, yenye mhuri. Subiri."

Akaingia kibandani na kutoka na faili. Barua ilikuwa imeandikwa kwa mkono, mhuri wa Chiwelu chini yake, na sahihi ya Castory. Ilieleza kwamba mwenye mifugo ni mkazi halali wa kijiji, anauza kwa hiari yake, na amefika mbele ya mwenyekiti na kutia sahihi mwenyewe. Anyesi alifuata mistari kwa kidole hadi kwenye jina la muuzaji.

Muuzaji alikuwa Obedi.

Bartolomayo alimwona yule mama akianza kutetemeka mabega, akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Ndugu yangu, huyu aliyekuuzia ng'ombe alikuwaje?"

"Mrefu, ana pengo hapa mbele. Mpole. Alikuja na mwenyekiti wenu."

"Obedi alikuwa mume wangu. Nimemzika mwaka wa saba sasa. Aliyekuja kwako ni mdogo wake."

Muwa ulimdondoka Bartolomayo. Alikaa tena juu ya ndoo yake, akaisoma ile barua upya kana kwamba maneno yangebadilika. Kisha akasimama, akafunga geti kwa mnyororo, na kumwambia Anyesi apige simu kituoni mbele yake. "Waje hapa," alisema. "Hawa wawili hawatoki. Lile dume limeshachinjwa juzi, siwezi kukudanganya. Mtamba hawakuniletea, walisema wana mteja wake."

Kesho yake Filipo alifika na Frida. Afisa mifugo aliomba maji ya sabuni na wembe, akanyoa manyoya kuzunguka ile chapa mbichi, polepole, Bibi Harusi akipiga mkia kwa hasira. Walioinama kutazama waliona wote. Chini na pembeni ya kidonda kipya kulikuwa na kovu la zamani, limelala, jeupe, herufi na namba kama zilivyo kwenye daftari. Moto wa juu haukufika kulifuta lote.

Filipo alipiga picha za paja na za barua. Aliposimama wima alikuwa amebadilika uso. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kama ungetia sahihi ile siku ya kwanza, karatasi yangu na barua yao vingesema jina moja. Ningemwachia nani, nimshike nani?"

"Ndiyo maana sikutia," alijibu Anyesi, ingawa ukweli ni kwamba siku ile hakujua haya yote. Alijua tu kwamba jina halikuwa lake.

Subira na Bibi Harusi wakarudishwa zizini kwa Anyesi. Castory na Mazengo walikamatwa, wakatoka kwa dhamana, na hapo ndipo vita yenyewe ilipoanza. Ukoo ulimwita Anyesi kikao, alasiri, uani kwa Mazengo. Wazee wanne walikaa kwenye vigoda. Mazengo alikaa nyuma yao akitazama chini. Devota, mkewe, alikuwa akipepeta mtama karibu na jiko, ungo ukienda na kurudi bila kusimama.

"Mbukwa," Anyesi aliwasalimu Kigogo, wakaitikia. Msemaji wao, mzee Hasani, alizungumza kwa upole mkubwa. Damu ni damu, alisema. Mazengo amekosea, lakini alidhani anachukua kilicho cha ndugu yake. Ukoo utamrudishia shemeji ng'ombe wawili walio bora, aende polisi aseme ilikuwa kutoelewana kwa kifamilia. Mtoto wa watu asifungwe kwa ajili ya mnyama.

Walitegemea anyamaze, kama alivyonyamaza mwanzo. Anyesi alisimama.

"Wazee wangu, nina swali moja tu, na namuuliza shemeji mwenyewe. Mazengo, inua uso. Unasema uliamini ng'ombe wale ni wako, wa kaka yako, wa ukoo. Mtu akichukua kilicho chake huandika jina lake. Kwa nini uliandika jina la maiti?"

Ungo wa Devota ulisimama.

Mzee mmoja alikohoa. Anyesi akaendelea.

"Uliwachukua wanane nikanyamaza, mkaniita mwanamke wa heshima. Heshima ile imenitosha. Kesi sifuti. Mkitaka kunitenga, nitengeni kuanzia leo, niwahi kunywesha ng'ombe."

Akaondoka bila kuaga.

Walimtenga kweli. Kwa miezi kadhaa kuna waliovuka njia kumkwepa. Kanisani nafasi upande wake wa benchi ilibaki wazi. Mtu alitupa mzoga wa mbwa kisimani kwake. Aliutoa, akachimba kisima kingine hatua ishirini kutoka kile. Hilda alimpigia kila jioni kumwomba ahamie Nkuhungu, na kila jioni alijibu kwamba hana cha kumfanya ahame kwake. Siku za mahakama alivaa kitenge chake kizuri, akafika kabla ya karani wa mahakama. Bartolomayo alikuja kutoa ushahidi kama alivyoahidi, na Frida alikuja na daftari lake. Wakili wa washtakiwa alimuuliza Anyesi kama mila za Wagogo zinamruhusu mwanamke kumiliki ng'ombe. Alijibu kwamba hakuja kuulizwa mila, amekuja kuulizwa wizi, na hakimu akamwambia wakili aendelee na swali lingine.

Castory alifungwa miaka mitano, Mazengo mitatu. Anyesi hakushangilia. Aliposikia hukumu alijisikia kuchoka, akatamani kulala. Njiani kurudi alimkumbuka Mazengo kijana, aliyewabebea maji siku ya harusi yake na Obedi, na moyo ukamuuma. Lakini hakujuta, na aliyemuuliza kama anajuta alimjibu hivyo hivyo, kwa neno moja: sijuti. Fadhila hakupatikana. Inasemekana alivushwa kwenda mkoa mwingine, huenda amezaa mara mbili sasa kwenye zizi la mtu asiyemjua.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Anyesi alikuwa akikamua Bibi Harusi asubuhi alipoona mtu amesimama nje ya zizi. Alikuwa Devota, mke wa Mazengo, ambaye tangu siku ya kikao hakuwahi kumpa hata salamu. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi sita wamefungwa kamba moja, wakivutana.

"Habari za asubuhi, Mama Hilda."

"Nzuri. Karibu."

Devota hakuingia. Alikuwa akiizungusha kamba mkononi. "Hawa ni wangu. Niliwalea mwenyewe kwa mtama wangu. Mazengo atatoka mwakani. Nimesikia yule dada wa mifugo yuko ofisini leo, anaandika watu." Akaivuta kamba mbuzi wasogee. "Nataka waandikwe jina langu kabla hajarudi. Sijui pa kuanzia kusema."

Anyesi alimalizia chuchu ya mwisho, akafunika ndoo na sahani, akaiweka juu mahali mbwa hawafiki. Akanawa mikono. Akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Utasema mwenyewe," alimwambia. "Mimi nitasimama pembeni. Akikupa karatasi, isome yote kwanza."

Akaipokea kamba kwa upande mmoja, Devota akashika upande wa pili, wakashuka na mbuzi wao kuelekea ofisi ya kata.